Hewa Ukaa: Nani Ashike Daftari?

(Yafuatayo ni maandishi ya mazungumzo juu ya biashara ya hewa ukaa, yaliyotayarishwa kwa ajili ya wajumbe wa halmashauri za vijiji.)



Mkulima anapopeleka gunia la mahindi sokoni, mnunuzi hulitazama, akalichoma bambo ili aone punje za ndani, kisha akaliweka kwenye mizani. Wakibishana, wanabishana juu ya kitu kilicho mbele ya macho yao wote wawili. Biashara inayozungumzwa leo haina gunia. Kinachouzwa ni jambo ambalo halikutokea: mti ambao haukukatwa, mkaa ambao haukuchomwa, gesi ambayo haikupanda angani. Mnunuzi yuko Zurich au Frankfurt. Yeye huletewa karatasi iliyoandikwa kwamba tani moja ya hewa ukaa imezuiwa mahali fulani katika Afrika, naye akiisha kuilipia hujihesabia kwamba tani moja inayotoka katika kiwanda chake imefutwa.

Kwa kuwa hapana cha kupima kwa mizani, biashara hii yote ni biashara ya daftari. Anayeandika daftari ndiye anayejua kilichouzwa, kwa nani, na kwa bei gani. Hata jina la "mkopo wa kaboni", linalotumiwa siku hizi na baadhi ya waandishi, linapotosha, maana hapana mtu anayekopeshwa kitu. Ni hati ya mauzo, na ni afadhali iitwe hati.

Ndugu wajumbe, biashara hii si changa kama inavyodhaniwa. Itifaki ya Kyoto ya mwaka 1997, iliyoanza kutumika mwaka 2005, iliyapa mataifa ya viwanda wajibu wa kupunguza gesi joto, lakini papo hapo ikayafungulia mlango wa uani. Taifa tajiri ambalo halikupenda kupunguza kwake liliruhusiwa kulipia upunguzaji katika nchi changa na kujihesabia. Mpango huo uliitwa Utaratibu wa Maendeleo Safi. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Anga haina mipaka, na tani iliyozuiwa Dodoma ni sawa na tani iliyozuiwa Düsseldorf. Basi, ikasemwa, izuiwe pale inapogharimu kidogo, na fedha zitakazotolewa zisaidie maendeleo ya wanyonge.

Kilichotokea kinastahili kusimuliwa kirefu kidogo. Viwanda vinavyotengeneza gesi ya majokofu iitwayo HCFC-22 hutoa pia, kama makapi, gesi nyingine iitwayo HFC-23. Katika hesabu za Kyoto kilo moja ya makapi hayo ilikuwa sawa na kilo 11,700 za hewa ukaa. Kuyateketeza si kazi kubwa: ni tanuri moja kiwandani, na kila tani ya hewa ukaa iliyohesabiwa iligharimu chini ya Euro moja. Lakini hati za tani hizo ziliuzwa Ulaya kwa Euro nyingi zaidi. Viwanda vichache, vingi vyao vikiwa China na India, vikajipatia sehemu kubwa ya hati zote za miaka ya mwanzo. Mtaalamu wa Marekani, Michael Wara, alieleza katika jarida la Nature mwaka 2007 kwamba kazi hiyo nzima ingeweza kugharimiwa kwa fedha isiyofikia Euro milioni 100, ilhali hati zake zingeingiza zaidi ya Euro bilioni 4. Makapi yakawa na thamani kuliko bidhaa yenyewe. Ikafika mahali pa kushukiwa kwamba viwanda vilikuwa vikiongeza utengenezaji wa gesi ya majokofu ili vipate makapi mengi zaidi ya kuchoma.

Umoja wa Ulaya, ambao kampuni zake ndizo zilizokuwa wanunuzi wakubwa, ulizipiga marufuku hati hizo kuanzia Mei 2013. Na mwaka 2016, mjini Kigali, mataifa yalikubaliana kwamba HFC-23 iteketezwe kadiri iwezekanavyo, kama wajibu wa mkataba, bila hati wala dalali. Kwa gesi hiyo amri ilikuwa rahisi kuliko soko, na ingalikuwa hivyo tangu mwanzo.

Hata hivyo, katika mkasa huo kuna jambo moja ambalo halisemwi sana. Serikali ya China haikukaa pembeni kuangalia wenye viwanda na wanunuzi wa Ulaya wakigawana faida. Ilikata asilimia 65 ya mapato ya hati za HFC-23 na kuyaweka katika mfuko wa taifa wa kugharimia kazi za tabianchi. Baadhi ya miradi ya aina nyingine, kama ya nishati, ilikatwa asilimia 2 tu. Maana yake ni kwamba tani rahisi ilitozwa sana, na tani ngumu ikatozwa kidogo. Serikali ile ilikuwa imeshika daftari.

Afrika je? Bara zima lilipata sehemu ndogo mno ya miradi ya utaratibu huo. Mradi wa kwanza wa Tanzania ulikuwa wa kunasa gesi inayotoka katika taka zilizofukiwa kwenye jaa la Mtoni, Dar es Salaam. Nchi nyingi za Afrika zilikuwa bado zinajifunza kujaza fomu soko lilipoporomoka. Hati iliyokuwa ikiuzwa kwa zaidi ya Euro 20 mwaka 2008 haikuzidi Euro moja mwishoni mwa mwaka 2012. Bei ya pamba na ya katani imewahi kumwangusha mkulima wa Tanzania, lakini hata katani haikupata kuanguka namna hiyo kwa muda wa miaka minne.

Mkataba wa Paris wa mwaka 2015 ulibadili msingi wa mambo, na hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo haya. Chini ya Kyoto nchi changa hazikuwa na lengo lolote la kutimiza. Ziliuza tani zao, na kwa upande wao haikuwapo hesabu ya kuharibika. Chini ya Paris kila nchi, tajiri na maskini, imetoa ahadi yake. Tanzania iliuridhia Mkataba huo mwaka 2018, na mwaka 2021 ikaahidi kwamba ifikapo mwaka 2030 itakuwa imepunguza gesi joto kwa asilimia 30 hadi 35, ikilinganishwa na kiasi ambacho kingetolewa kama hapangekuwa na hatua zozote. Kwa hiyo, kila tani iliyozuiwa katika ardhi ya Tanzania ina kazi mbili zinazoigombea. Inaweza kuhesabiwa katika ahadi ya Tanzania, au inaweza kuuzwa. Haiwezi kufanya yote mawili.

Kifungu cha 6 cha Mkataba wa Paris, ambacho kanuni zake zilipitishwa Glasgow mwaka 2021 na kukamilishwa Baku mwaka 2024, kinasema hivyo waziwazi. Nchi ikiidhinisha tani itumiwe na nchi nyingine katika lengo lake, muuzaji lazima aiongeze tani hiyo katika hesabu yake, na mnunuzi aipunguze katika yake. Mauzo ya kwanza ya namna hiyo yalikamilika mapema mwaka 2024, nayo yalikuwa tani 1,916 zilizotokana na mabasi ya umeme ya mjini Bangkok. Mnunuzi alikuwa taasisi ya Uswisi inayogharimiwa na waagizaji wa mafuta ya magari. Wasafiri wa Bangkok wanapanda mabasi hayo, moshi umepungua katika mitaa yao, lakini katika vitabu vya dunia upunguzaji huo ni wa Uswisi.

Kwa juu juu, mpango huo ni wa haki. Ugumu unaonekana mtu anapouliza ni tani zipi zitakazouzwa kwanza. Mnunuzi hataki tani ngumu. Hataki kulipia reli, wala kiwanda cha saruji kinachobadili tanuri zake. Anataka tani ya bei nafuu: msitu uachwe, jiko libadilishwe, jaa lifunikwe. Basi Tanzania ikiziuza hizo nafuu zote, itabakiwa na ahadi yake ile ile ya asilimia 30 hadi 35, na zana za kuitimizia zitakuwa ni zile za gharama kubwa, ambazo mnunuzi alizikataa kwa sababu ya bei yake. Tajiri atakuwa amevuna matunda ya matawi ya chini, na maskini ataambiwa atafute ngazi.

Mfano wa majiko unaeleza jambo hili vizuri. Miradi ya majiko banifu imeenea katika Afrika, na kwa hakika jiko linalotumia kuni chache ni jambo jema. Mama anapumzishwa mzigo, na mapafu yake na ya watoto yanapona moshi. Lakini mnamo Januari 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha uchunguzi wa miradi ya aina hiyo, wakaona kwamba kwa jumla hati zilizotolewa zilizidi upunguzaji wa kweli takriban mara tisa. Sababu si za ajabu kwa mtu anayejua jikoni: jiko lilihesabiwa kuwa linatumika kila siku wakati mafiga ya zamani yalikuwa bado yanawaka pembeni, na kuni zilizookolewa zilikadiriwa kupita kiasi.

Zamani udanganyifu wa namna hiyo uliliumiza anga peke yake. Sasa unamwumiza muuzaji. Chukua mradi ambao umeandikiwa tani 9, na ukweli wake ni tani 1. Serikali ikiidhinisha tani zote 9 ziuzwe nje, italazimika kuziongeza tani 9 katika hesabu yake, wakati moshi halisi wa nchi umepungua kwa tani 1. Nchi imejipatia deni la tani 8 ambazo hazikuwahi kuwapo, na deni hilo litalipwa kwa kupunguza mahali pengine, kwa fedha za wananchi. Aliyeandika tani 9 ni kampuni iliyokwisha kupata faida yake na kuondoka. Hii ndiyo sababu kipimo kikali si usumbufu unaoletwa na wazungu kuwachelewesha Waafrika, kama baadhi ya madalali wanavyopenda kusema. Kipimo kikali ni ngao ya mwenye mali.

Ni lazima hapa kutenganisha masoko mawili, maana huchanganywa mno. Liko hilo la nchi kwa nchi, lenye idhini ya Serikali na marekebisho ya hesabu. Na liko soko la hiari, ambamo kampuni hununua hati ili iwaambie wateja wake kwamba imefidia moshi wake. Tani inayouzwa katika soko la hiari bila idhini ya kuihamisha haitoki katika hesabu ya taifa. Misitu ya vijiji vya Tanzania imeuzia zaidi soko hili la pili. Bei yake ni ndogo: mara nyingi ni Dola chache kwa tani, wakati kati ya mwaka 2023 na 2025 ruhusa ya kutoa tani moja katika soko la Ulaya ilikuwa siku zote zaidi ya Euro 50.

Pamoja na udogo wa bei, yapo ya kusifiwa. Katika bonde la Yaeda, Wilaya ya Mbulu, Wahadzabe walipata mwaka 2011 hatimiliki ya kimila ya pamoja kwa eneo la takriban hekta 20,000, na baada ya hapo ndipo wakaanza kuuza hati za hewa ukaa kwa kuulinda msitu wao usifyekwe. Utaratibu ule uangaliwe kwa makini: hati ya ardhi ilitangulia, hati ya hewa ikafuata. Jamii ya wawindaji na warina asali, ambayo kwa miaka mingi ilisukumwa pembeni na kila mwenye jembe na kila mwenye ng'ombe, iliingia sokoni ikiwa na karatasi yake mkononi. Katika Mkoa wa Katavi nako, vijiji vinane vya Wilaya ya Tanganyika vimepokea mabilioni ya shilingi kwa kuhifadhi misitu ya milima ya Ntakata, na fedha hizo zimejenga madarasa na zahanati na kulipia bima ya afya ya wanavijiji. Huko, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaoamua matumizi. Mjumbe anayetaka kuona biashara hii ikienda vizuri aende Katavi akaulize maswali.

Na anayetaka kuona ikienda vibaya aangalie Kariba, nchini Zimbabwe. Mradi ulioanza mwaka 2011 juu ya msitu wa takriban hekta 785,000 ulikuwa mojawapo ya mikubwa kabisa duniani. Hesabu yake ilitegemea utabiri kwamba bila mradi msitu ungekatwa kwa kasi kubwa. Baada ya miaka kadhaa ilionekana kwamba maeneo ya kulinganishia hayakukatwa kwa kasi ile, na kwa hiyo hati nyingi zilikuwa zimeuzwa bila ya tani ndani yake. Kampuni ya Uswisi iliyokuwa ikiziuza ilijitoa Oktoba 2023. Mwaka ule ule Serikali ya Zimbabwe, ikiona kwamba mamilioni yamepita juu ya kichwa chake, ilitangaza kufuta mikataba yote ya kaboni na kudai asilimia 50 ya mapato, kisha baadaye ikalegeza. Hasira yake inaeleweka. Lakini kushtuka mwaka wa 12 si sawa na kushika daftari mwaka wa kwanza.

Mwaka 2023 pia, kampuni moja ya Dubai ilitia sahihi makubaliano ya awali na Serikali kadhaa za Afrika, zikiwamo za Liberia, Zambia, Zimbabwe na Tanzania, kuhusu mamilioni ya hekta za misitu. Kwa Liberia, eneo lililotajwa lilikaribia sehemu moja ya kumi ya nchi nzima. Kwa Tanzania zilitajwa hekta milioni 8. Makubaliano ya awali si mauzo, na haifai kupiga kelele kama kwamba misitu imekwisha kwenda. Lakini kiasi hicho kinaonyesha hamu ya wanunuzi, nayo ni hamu ya nchi zinazotaka kuendelea kuchimba mafuta zikiwa na daftari safi.

Tanzania haikulala. Kanuni za kusimamia biashara ya kaboni zilitungwa mwaka 2022 na kurekebishwa mwaka 2023. Kituo cha Taifa cha Kuratibu Kaboni kipo Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Makadirio rasmi yanasema kwamba kati ya mwaka 2002 na 2013 nchi ilikuwa ikipoteza takriban hekta 469,000 za misitu kila mwaka, sehemu kubwa kwa mashamba ya kuhamahama na mkaa. Kazi ya kuzuia hasara hiyo ni kubwa, na fedha za kuifanya hazitoshi. Mataifa tajiri yaliahidi Copenhagen mwaka 2009 kutoa Dola bilioni 100 kwa mwaka ifikapo mwaka 2020, yakaitimiza ahadi hiyo mwaka 2022. Kwa hiyo kijiji kinachoamua kuuza hakiwezi kulaumiwa kwa tamaa. Kinatafuta kwa muuzaji wa hati kile ambacho hakikuletwa na aliyeahidi.

Ndugu wajumbe, siku dalali atakapokuja atakuwa na gari safi na maneno matamu, na pengine atakuwa mtu mwema. Aulizwe kwanza mkataba ni wa miaka mingapi. Huko Longido na Monduli, mikataba ya kaboni ya udongo wa malisho imezua ubishi mkali, kwa sababu inafunga mwendo wa mifugo kwa miongo kadhaa, na mfugaji anajua kwamba mvua haifuati mkataba. Aulizwe kama kijiji kitauona mkataba wa pili, yaani ule baina ya kampuni na mnunuzi wa ng'ambo, wenye bei halisi. Sehemu ya kijiji hutajwa kwa asilimia, na asilimia ya kiasi kisichojulikana haiwezi kukaguliwa na mtu yeyote. Aulizwe, kama moto ukiuteketeza msitu mwaka wa tano, nani atazifidia tani zilizokwisha kuuzwa. Mkataba usomwe katika mkutano mkuu, kwa Kiswahili, wote, na si muhtasari wake.

Jambo la bei lina haraka kuliko mengine, kwa sababu ya yale yanayopangwa Ulaya. Mnamo Novemba 2025 mawaziri wa mazingira wa Umoja wa Ulaya walikubaliana juu ya lengo la kupunguza gesi joto kwa asilimia 90 ifikapo mwaka 2040, likilinganishwa na kiasi cha mwaka 1990, na kwamba kuanzia mwaka 2036 hadi asilimia 5 ya kiasi hicho iweze kununuliwa ng'ambo kwa hati. Nchi zilizo tajiri kiasi hicho zikiingia sokoni kwa shuruti ya sheria, bei ya tani nzuri haitakuwa ya leo. Mkataba wa miaka 30 uliotiwa sahihi mwaka 2025 utakwisha mwaka 2055. Bei iliyoandikwa ndani yake ni bei ya mnunuzi wa hiari, ya Dola chache. Ikiwa hakuna kifungu cha kuipitia upya bei hiyo kila baada ya miaka michache, basi kwa muda wa miaka 19 tofauti yote baina ya bei mbili hizo itaingia katika mfuko wa mtu wa kati aliyepo Nairobi, London au Dubai, na mgambo wa kijiji ataendelea kuzunguka msituni usiku wa kiangazi, akizima moto kwa matawi mabichi, kwa posho ile ile ya mwaka 2025.